Karatasi za Gari Zilizoletwa Kwangu

Astoria, Oregon
Jumanne

Wendell,

Huna haya hata kidogo, mjukuu wangu. Jina langu halijawahi kutiwa kwenye uongo kwa serikali, wewe umelitia kwa ajili ya gari.

Karatasi zilipoletwa hapa zikiwa na jina lako, mimi mpumbavu nikadhani unarudi nyumbani. Nikafua shuka, nikakutandikia kitanda. Kumbe umenunua gari huku kwetu kusikotozwa kodi ya mauzo, ukaandika unaishi kwangu, ili usilipe kodi ya jimbo lenu la Washington, ng'ambo ya daraja! Kununua gari daraja umelivuka. Kuja kuniona, huu mwaka wa pili linakushinda.

Paka hajambo. Bomba la jikoni bado linavuja.

Jana mtu wa kodi wa huko kwenu alinipigia simu. "Mama, huyu Wendell analala hapo kweli?" Nikakitazama kile kitanda, nikamjibu, "Ndiyo, analala." Miaka themanini na moja, Wendell, na leo mimi mwongo.

Jumatatu nitampigia mimi, na sitakudanganyia mara ya pili. Kabla ya hapo lete nguo zako uhamie humu, au nenda ukalipe kodi yao.

Bibi yako,
Lorene