Leo Mnapika Nini?

Mama, mwaka umezunguka tangu utuage, na bado asubuhi tunasikia ndara zako zikiburuta jikoni. Tunainuka kuitikia, kisha tunakumbuka.

Kiwanda kilipofungwa, wewe na Baba mlikosa kazi kwa pamoja. Yeye, fundi wa mashine, aligeukia ukuta akalala. Wewe ulijitanda mtandio ukaenda kwenye ghala la chakula cha msaada, ukapanga foleni kama wengine. Mifuko ilikuwa ikifunguka mikononi mwa watu, unga unamwagika. Ukashindwa kuvumilia. Ukapita upande wa pili wa meza, ukaanza kufunga. Ulikwenda kuomba, ukarudi na aproni.

"Kwani umeajiriwa?" Baba aliuliza bila kugeuka.

"Wala. Wameona tu nina mikono."

Fundo lako lilikuwa na masikio mawili, ili aliyebeba mtoto ashike mfuko kwa vidole tu. Ila kulifungua ilikuwa shughuli pevu! Wakakubandika jina la Mama Fundo. "Mama Fundo, tugawie na mkasi basi!" walikutania, nawe ukacheka mpaka mabega yakatikisika.

Hukumuuliza mtu ana shida gani. Uliuliza, "Leo unapika nini?" kana kwamba kila mmoja yuko sokoni na kikapu chake. Aliyekuja macho chini alijikuta anabishana nawe kuhusu vitunguu. Ulituambia waziwazi kwamba matumaini uliyapata pale, katikati ya magunia, jua likiingia kwa dirisha la juu na vumbi la unga likielea taratibu. "Kule watu wanacheka, jamani. Nikifunga mfuko wa mtu, nasahau kuiogopa kesho."

Na Baba ukamwamsha kwa ujanja wako. "Mizani ya ghalani inapunja watu, na fundi amelala." Akainuka huku ananung'unika, akaitengeneza, akabaki hukohuko. Jioni mkawa mnarudi pamoja, unga kuanzia nyusi hadi viatu, mkichekana.

Ulipotutoka, aligeukia ukuta tena. Mama, tuliogopa. Mfuko wa mwisho uliouleta, wa maharage, ulibaki ukining'inia nyuma ya mlango wa jikoni na fundo lako. Hakutaka uguswe. Tukipika, alionja kidogo akasema ameshiba. Suruali zikamlegea. Tuliona anakufuata polepole, na hatukujua tumshike wapi.

Sisi tunakuota, unajua? Ndoto ni ileile. Ghala limejaa mwanga mweupe, foleni ni ndefu, hutukumbatii kwa sababu una kazi. Unainua uso tu: "Leo mnapika nini?" Tunaamka kabla hatujajibu.

Wiki hii ndoto hiyo ilimfikia Baba. Alitusimulia mara moja tu. Leo asubuhi tumemkuta jikoni, mfuko mapajani, anatafuta ncha ya fundo kwa kucha. Kitinda mimba wako akamletea mkasi.

"Rudisha huko," akasema. "Fundo la mama yenu halikatwi."

Alihangaika nalo mpaka chai yake ikapoa. Lilipoachia alishusha pumzi, akauliza sufuria kubwa iko wapi.

Tunaandika haya huku maharage yakichemka. Yaliyokaa hivyo hayaivi upesi, yana ubishi kama mwenyewe. Baba anakoroga, anaonja, anasema bado, anaongeza maji. Anasema ana njaa.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wa mizani, binti yako mshonaji na mumewe, mwanao dereva, kitinda mimba wako, dada yako, anayevaa aproni yako sasa na mafundo yake yanafunguka ovyo, wajukuu, na wenzako wote wa ghalani, wa pande zote mbili za meza.

Hutatutoka moyoni, Mama. Leo tunapika maharage.