Moshi Unaonukia Plamu

Mpendwa mshauri Desanka,

Nisaidie, na kama huna la kunisaidia niambie hivyo hivyo redioni nijue moja, maana nimefika mwisho. Mimi ni Milunka, naishi kijijini juu ya Svrljig na mume wangu Ratomir na baba yake, mzee Vitomir, na figo za Ratomir zimekufa, anasafishwa damu hospitali ya Niš mara tatu kwa wiki, na tangu basi liache kupanda huku kwetu mimi ndiye ninayempeleka kwa gari letu kuukuu la petroli, na sasa hilo gari linatoa moshi.

Ni moshi mweupe, mwingi, unafunika uzio mzima. Mwanzoni nilisema ni baridi tu, magari yote yanatoa mvuke asubuhi za Januari, lakini ya wenzangu injini ikipata moto mvuke unakata, wangu unazidi, na mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu, na hita inapuliza baridi, Ratomir anatetemeka ndani ya blanketi na mimi natazama mshale badala ya barabara. Jirani yetu Dobrivoje kila nikipita anasimama langoni na kufanya ishara ya msalaba, "Milunka! Moshi mweupe! Wameshampata Papa kule Roma?" halafu anacheka peke yake. Alipokuja kuangalia akasema ni pistoni ringi, gari linakula oili, tukaongeza oili, wapi! Baba mkwe anasema kosa ni langu. "Mkamwana, hiyo gia ya pili unaikaba kama unachinja kuku!" Namjibu nini, wakati yeye ndiye anayelitunza gari kuliko sisi sote? Anaamka kabla yetu, anakwangua barafu kwenye vioo, anajaza rejeta kwa mkono wake mwenyewe ili isigande usiku, na magoti yake yalivyo mabovu. Hata moshi wenyewe, utanicheka, unanukia kama uani kwetu mwezi wa Oktoba mzee anapopika pombe ya plamu zake, mpaka nadhani kichwa changu kimeanza kuharibika.

Lakini si gari linaloniliza. Juzi lilizimika mlimani tukavutwa na trekta hadi nyumbani, na jana nilipomletea Ratomir viatu tujaribu tena alivisukuma kwa mguu chini ya kitanda. "Niache, Milunka. Gari limechoka, mimi nimechoka, tumechoka pamoja. Usiue injini kwa ajili ya maiti." Nimelia, nimemtukana, nimempigia magoti. Hakwenda. Leo miguu imevimba na anahema akilala. Mzee amekaa jikoni anaitazama meza. Barua hii nampa Bogosav, dereva wa gari la mkate, aiwahishe kwenu. Je, gari hilo linatengenezeka, au nimwache mume wangu alale kama anavyotaka?

Milunka

*

Milunka mwanangu,

Pole. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote. Na sasa acha nikugombeze kidogo, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua, kisha ukalipita bila kuligeukia.

Moshi wa bluu ni oili, hapo ndipo pistoni ringi zinapolaumiwa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, au hewa haipiti vizuri. Mweupe usiokata ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Dobrivoje angefunga mdomo angewaokolea oili yenu. Lakini maji hayanukii plamu, na kichwa chako ni kizima kabisa.

Funga mlango wa jikoni, umuulize mkweo kwa upole: "Baba, kwenye rejeta ulitia nini?" Mimi nimeolewa kwenye nyumba yenye mtungi wa shaba wa kupikia pombe, jibu nalijua. Alitia ile pombe ya mwanzo inayotoka mtungini, kali, isiyonyweka, ambayo kila mzee wetu anaiweka ya kusugulia magoti na hakuna anayekubali kuimwaga. Alijua haigandi. Kweli haigandi. Lakini inachemka upesi kuliko maji, inapaa, injini inabaki kavu, na gasketi ya silinda hedi inaungua. Ndiyo maana hita yako inapuliza baridi, haina cha kuipasha moto.

Usiliendeshe tena. Fundi aje kwenu. Injini ikiwa imepoa, afungue mfuniko wa rejeta, awashe, aangalie kama kunatoka mapovu. Avute kijiti cha oili, na akiona mapovu au oili imegeuka rangi ya kahawa ya maziwa, afungue hedi, ainyooshe ikiwa imepinda, atie gasketi mpya na dawa ya rejeta ya dukani, ile ya kuzuia kuganda. Linatengenezeka.

Swali lako la pili silikubali. Huko si kulala, Milunka. Maji yatampanda mpaka kwenye mapafu, na wewe utakuwa umekaa pembeni unasikiliza. Sikudanganyi, figo zake hazirudi, na majira haya ya baridi ni marefu. Lakini nimeshaongea na muuguzi wa Niš. Mashine inamngoja leo, na kuanzia safari ijayo wataulizia gari la hospitali liwafuate.

Ratomir, sasa naongea na wewe, najua redio ya jikoni inasikika mpaka chumbani. Ulisema wewe na gari mmechoka pamoja. Gari halikuchoka. Lilinyweshwa na baba yako, kwa kukupenda, ili lisigande likashindwa kukufikisha. Bogosav amemaliza kushusha mkate, anapanda huko kwenu sasa hivi, na hita yake ni nzima.

Mzee Vitomir, acha kuitazama meza. Viatu vya mwanao viko chini ya kitanda. Inama umtolee.