Baba, "Bashful" Si Bashasha

Baba,

Shikamoo. Mahindi ya hapa Mpui tumeshavuna, na Mama hajambo. Nimekuja mara moja kutoka Chala ninakofundisha, na nina jambo nililokuficha miaka yote.

Unaikumbuka ripoti yangu ya kidato cha pili? Kwenye tabia, mwalimu aliandika neno moja tu la Kiingereza: bashful. Ukampa mnunuzi wa mahindi aliyekuja na lori kutoka Sumbawanga, enzi zile wafanyabiashara binafsi walipoanza kutufuata hadi shambani. Akasoma, akasema bila kusita, "Mzee, hii ni bashasha. Binti yako mchangamfu!"

Ulicheka, Baba. Mimi, niliyekuwa nikikimbilia jikoni wageni wakipiga hodi! Nilijua maana yake ni mwenye haya. Nikanyamaza, haya hiyohiyo ilinifunga mdomo. Tangu hapo kila mgeni ulimwambia, "Huyu wangu ana bashasha, hata walimu wameandika." Ikabidi nitoke, niamkie, niulize habari za safari. Mwanzoni niliamkia nikitazama sakafu. Baadaye nikazoea, hadi nikawa nasoma somo kanisani.

Chuoni nililitafuta neno lile katika kamusi kubwa. Kumbe asili yake ni Kifaransa cha kale, neno la kushangaa mpaka mtu akaachama. Siyo woga, Baba. Ni mshangao. Nilitamani kukusimulia, ila nikahofia utaona kwamba miaka yote nilikuacha ujisifu kwa kosa. Nikasema nitakuambia Krismasi. Krismasi hukuifikia.

Baada ya misa ya arobaini nilimweleza Mama, nikilia. Aliendelea kupepeta ulezi.

"Baba yako alijua," akasema. "Wiki ileile ya ripoti alimuuliza katekista maana ya neno lile."

Ulijua!

"Nikamuuliza, mbona bado unasema vile? Akanijibu, 'Mwache. Akilisikia sana, litamkaa.'"

Nikakaa kando yake, nikamsaidia kupepeta.

Darasani kwangu yupo msichana kutoka Muze, anajibu kwa kunong'ona, macho kwenye dawati. Muhula ukifungwa, ripoti yake nitaiandika kwa Kiswahili, wazazi wake waisome wenyewe. Na nitaandika lile ninaloliona likija, hata kama yeye bado halioni. Nakuahidi.

Pumzika, Baba. Sikukushukuru ukiwa hai kwa sababu sikujua. Asante.

Binti yako