Kalkuleta Aliyoniletea Babu Yako

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Huku Oyugis tu wazima, na mama yako amevuna mahindi. Unauliza kama kalkuleta ya kuchora grafu ina maana, simu zikiwa na kila kitu.

Miaka ya tisini nilifundisha hesabu Homa Bay, na babu yako akaniletea moja. Niliiwekea programu zangu mwenyewe. Alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, ndugu zake waligawana vitu vyake pamoja na hiyo. Shemeji mmoja akatoa betri, akatia kwenye redio yake. Aliponirudishia, programu zote zilikuwa zimefutika kwa kukosa betri.

"Si ni kalkuleta tu, shemeji?" akaniambia.

Nunua, utaifundisha kazi mwenyewe. Ila kila programu uijue kwa kichwa. Huko mashemeji hawafiki.

Bibi yako, Dani