Nyambura, Mto Unapumua

Skuta, Nyeri

Nyambura, rafiki yangu,

Mto unapumua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hungenivumilia nianze na salamu. Ungesema, "Wambui, habari ya mto kwanza, machozi baadaye."

Jumatatu nilifika kijijini kwenu, nikashuka mtoni chini ya kiwanda cha kahawa, pale tulipokuwa tunafunga leso puani. Ni msimu wa mavuno, mashine zinamenya kahawa kutwa nzima, na bado maji yanapita safi. Nilijaza chupa, nikatia dawa, nikangoja. Yakageuka rangi ya chai. Nikakaa juu ya jiwe nikalia, halafu nikacheka peke yangu, maana niliukumbuka ule mkutano wako na wakulima.

Unajua nilivyoogopa siku ile? Tulikuwa wasichana wa kwanza katika maabara ya maji ya Nyeri, uhuru wenyewe ukiwa bado mchanga, na watu walizoea kutuuliza bwana mpimaji mwenyewe yuko wapi. Wanawake wa bonde la chini walikuwa wamelalamika. Maji yananuka, watoto wanajikuna, ng'ombe wanakataa kunywa. Tukaenda kupima. Juu ya kiwanda mto ulikuwa mzima. Chini yake, maji ya kuoshea kahawa yalikuwa yamemaliza hewa yote mtoni, hata vile vidudu vinavyokaa chini ya mawe havikuwepo tena. Na mwenyekiti wa kiwanda alikuwa baba yako.

Mkubwa wetu alitaka kumtuma mtu mwingine akazungumze na wakulima. Ukakataa. "Akisikia kwa mgeni atasema ni fitina. Wacha asikie kwangu."

Ulisimama mbele ya umati ule na chupa mbili, moja ya maji ya juu, moja ya maji ya chini. Ukatia dawa zote mbili. Ya juu ikageuka rangi ya chai, ya chini ikabaki nyeupe kama uji. Wanaume wakaangua kicheko. "Ati ile safi ndiyo imechafuka?"

Ukangoja wamalize kucheka. "Hii rangi mnayoiona inaonyesha hewa. Mto unapumua kama sisi. Hii nyeupe haina hewa, imekufa, na ndiyo dada zenu wanapikia huko chini."

Baba yako akainuka. "Keti chini, Nyambura."

"Nitaketi, Baba. Nikimaliza."

Ukamaliza. Ukawaambia wachimbe mashimo mbali na ukingo, maji ya kahawa yanyonywe na udongo badala ya kumwagwa mtoni. Ndipo ukaketi. Watu walipotawanyika baba yako alikuambia usikanyage kwake mpaka akuite. Tukapanda Landrova, tukarudi mjini. Kisha ukaniuliza, "Lakini nilimaliza, sivyo?"

Ulimaliza, Nyambura. Mimi ningeketi.

Baadaye alikuita, na hukujua kilichomgeuza. Mimi nimekijua. Mama yako alinieleza siku tulipokuzika. Baba yako alishuka bonde la chini peke yake, akaingia nyumba ya mama mmoja mjane, akaomba maji ya kunywa. Mama akamletea kibuyu. Akakiinua, harufu ikampiga, akashindwa. Yule mama akamwambia, "Mwenyekiti, sisi hatuna mengine." Alirudi nyumbani hakula. Asubuhi akasema uitwe, uje uonyeshe mahali pa kuchimba.

Uliwaona wakichimba shimo la kwanza. Kisha homa ya mapafu ikakuchukua, na sisi tukabaki tukiuliza kwa nini wewe.

Sasa sikia ambayo hukuyaona. Mashimo yote yamechimbwa, wakulima walishika zamu. Kuna waliokuwa wanalima mpaka kando ya maji, wameambiwa waache ukingo, na wamepanda miti yetu ya asili. Nyasi imeshika, mvua ikinyesha udongo haushuki wote kuelekea mto Sagana kama zamani. Niligeuza mawe nikakuta vidudu vimerudi, vya aina zote tulizojifunza.

Na baba yako! Kwenye uchaguzi wa chama cha ushirika cha wakulima mtu mmoja alisimama akasema mwenyekiti amewafanya wakulima vibarua kwa ajili ya binti yake. Mzee akajibu, "Ndiyo, ni kwa ajili ya binti yangu. Na wenu pia, wale mliowaoza huko chini." Walimrudisha kwa kura nyingi. Siku hizi mgeni akija kiwandani hasemi tena "mimi ni mwenyekiti." Anasema, "Mimi ni baba ya Nyambura wa maji." Nilimsikia kwa masikio yangu, na kifua changu kilijaa kana kwamba ni mimi nimetajwa.

Nakukosa, dada. Maabara ina kijana mwingine kwenye kiti chako, ni mzuri, lakini hanichekeshi.

Juma lijalo natumwa Kangema. Kuna kiwanda kinacholalamikiwa, na anayekisimamia ni mjomba wangu, yule aliyenipeleka kanisani siku ya harusi yangu, baba akiwa hayupo. Wameniuliza kama ningependa aende mtu mwingine. Nimesema hapana. Nakuahidi nitasimama mbele yake niseme nilichokiona, na akiniambia niketi, nitamaliza kwanza.

Pumzika kwa heshima uliyoiacha.

Wambui wako