Jani Moja Zaidi Kwenye Mahindi ya Amerika

Mama Wambui wangu,

Najua unashangaa. Huyu mzee ameanza lini kuandika barua, yeye ambaye hata orodha ya sukari na majani ya chai alikuwa ananiachia mimi? Ni kweli. Shule niliacha darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nusu nilikuwa nje ya dirisha. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumamosi ile, na msichana wako Wambui amekataa kulisikiza mara ya tano. "Baba, si umwandikie mwenyewe," akaniambia, akaenda zake kuanika nguo. Basi kalamu ndiyo hii. Naandika wazi, anayetaka asome, kwa sababu na uongo wangu niliusema mbele ya watu.

Wacha nianzie mbali kidogo, si unajua siwezi kufika mahali kwa njia fupi.

Unakumbuka ile miaka nikibeba masanduku ya wageni kule hotelini mjini. Wamarekani wakiondoka waliniachia sarafu zao, maana maduka ya forex ya hapa Nairobi, yale ya kubadilisha pesa, hayataki sarafu ya kigeni, yanataka noti tu. Wenzangu walizitupa kwa droo pamoja na misumari na funguo zilizopotelewa na vyumba. Mimi nilizileta nyumbani Dagoretti ndani ya soksi. Siku ya kwanza uliimwaga hiyo soksi mezani, ukazisambaza kwa kidole kama mtu anayechagua mawe kwa maharagwe.

"Baba Wambui, hii itanunua nini?"

"Hainunui kitu. Hii ni elimu."

Ulicheka mpaka ukatafuta kiti. Mtu wa darasa la sita analeta elimu kwa soksi!

Lakini elimu ilikuwa kweli. Kuna yule nyanya wa Kimarekani aliyefura mguu akakaa hotelini wiki mbili bila kutoka. Nikimpelekea chai, ananifundisha. Sarafu inashikwa kwa ukingo, si kwa uso. Inainamishwa kidogo chini ya taa, hivi na hivi, uone mng'ao unavyozunguka. Na haisuguliwi, hata kwa kitambaa laini, hata kama imekaa kama imetolewa kwa mtaro. Alipoondoka aliniachia lensi yake na ramani ya Amerika ya kadibodi yenye matundu hamsini, tundu moja kwa kila jimbo. Wakati huo nchi yao ilikuwa inatoa robo dola za majimbo, kila jimbo na picha yake. Nikaanza kujaza matundu.

Tena akanifundisha namba. Wamarekani wanapima sarafu kutoka moja mpaka sabini. Sabini ni ile ambayo ni kama imetoka kwa mashine sasa hivi, hata ukiitazama kwa lensi hupati mkwaruzo. Kutoka sitini kwenda juu, hiyo haijawahi kuzunguka madukani. Ukishuka mpaka nne, sura imefutika karibu yote, lakini bado unajua huyu ni nani. Na hiyo nne, Mama, wenyewe wanaiita nzuri. Ulipenda sana hiyo habari.

"Kumbe kwa Wamarekani hata wewe ni mzuri," ukaniambia.

Tangu siku hiyo nikapima kila kitu. Chapati zako hamsini na nane. Mahubiri ya pasta kumi na mbili, na hiyo ni kwa sababu yalikuwa mafupi. Koti langu la harusi nne. Ukavumilia, ukavumilia, halafu jioni moja ukipepeta mchele ukaniuliza bila kuinua kichwa:

"Na mimi?"

Nikakuinamisha kidogo kwa taa. "Sitini na tatu."

"Na hizo saba zingine umezipeleka wapi?"

Nikakueleza kwamba sabini ni ya ile haijaguswa. Ukanitazama vile ulikuwa unaniangalia.

"Watoto watano, Baba Wambui. Kama nimeguswa, si aliyenigusa tunamjua?"

Nilienda kuangalia kuku, na hatukuwa na kuku.

Sasa nije kwa lile jani.

Wewe ulikuwa mtu wa kusugua. Kwenye kibanda chako cha supu kule karibu na machinjioni, sufuria zako ziling'aa hadi wachuuzi wa ng'ombe wakachania nywele kwazo. Kuona sarafu chafu kwa nyumba yako lazima kulikuwasha mikono. Uliniuliza mara moja tu, "Si niziguse na jivu kidogo?" Nikapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Nikakwambia ukiisugua umeiua, mwenye macho atajua, haitapewa namba. Hukuuliza tena. Ulikuwa unapangusa meza, unazizunguka kama mtu anayezunguka mtoto aliyelala.

Na kwa kuzizunguka hivyo, ukaziona vizuri kuliko mimi.

Robo dola ya Wisconsin nilikuwa nayo mbili. Ina kichwa cha ng'ombe, jibini la mviringo, na hindi lililomenywa nusu. Mimi nilitazama ng'ombe. Mtu wa Dagoretti atatazama nini kingine? Hata nilikukadiria kilo zake. Lakini wewe ulikulia kwa mahindi kule Murang'a. Ukaziweka mbili bega kwa bega juu ya kitambaa, ukazishika kwa ukingo vile nilikuwa nimekufunza, ukaniita.

"Baba Wambui, hii mahindi ina jani moja zaidi. Angalia hapa, upande wa kushoto. Kamejikunja kamefika kwa jibini. Ile ingine haina."

Tulikuwa na wageni, ndugu zako walikuwa wamekuja. Na mimi mbele ya watu huwa naota mapembe. Nikasema, "Mnaona profesa? Mama Wambui, hiyo ni Amerika. Mahindi yao inawekwa mbolea, itakosa kuongeza jani?" Ndugu zako wakacheka. Hata wewe ukacheka kidogo. Sikuchukua lensi. Nilikuwa nayo mfukoni, Mama, na sikuichukua.

Ile isiyo na jani nikaitia kwenye tundu la ramani kwa sababu niliona ndiyo sawasawa. Hiyo yako nikaiweka mfukoni, na Jumapili pasta alipohimiza watu watoe kile walicho nacho, nikaitoa. Nilikunong'oneza pale kwa benchi, "Hii yenye mahindi mbaya nampa Mungu, si yeye ndiye aliyeyaumba." Ukanifinya. Kikapu kikapita. Nikasahau.

Mimi nilisahau. Wewe hukusahau.

Umeondoka, na huu ni mwaka wa pili. Nguo zako nilikataa ziguswe mpaka Wambui akachoka na mimi. Mwezi uliopita alikuja na masanduku, akafunga mlango, akafanya kazi. Kwenye ule mkebe wako wa vifungo, chini kabisa, alipata fundo la pamba limefungwa kwa uzi mweusi. Akanifungulia kiganjani. Ng'ombe, jibini, mahindi. Ikiwa na uchafu wake wote, haijaguswa na jivu, haijaguswa na chochote.

Nikafikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Si nilimpa Mungu?

Mama Kamau, yule mlikuwa mnahesabu naye sadaka, ndiye aliyenieleza. Nilimkuta langoni kwake akichuma sukumawiki. Alicheka kwanza, halafu akapangusa macho kwa kitenge.

"Aliiona kwa rundo, Mzee. Akaitoa, akaweka yake ya shilingi ishirini mahali pake. Akaniambia, 'Usimwambie yule mzee wangu. Siku moja atakuja kuniuliza.'"

"Nimuulize nini?"

"Mimi nitajuaje? Hukumuuliza?"

Sikukuuliza. Uliishi na hilo fundo miaka hiyo yote, unatoa vifungo vya mashati yangu juu yake, na mimi nilikuuliza kila kitu: soksi iko wapi, chumvi iko wapi, nani alipiga simu. Hilo sikukuuliza.

Sasa ya Jumamosi. Wale watu wangu wa sarafu unawajua kwa habari tu, hukuwapenda kwa sababu nilikuwa nikirudi nanuka moshi. Tuko wanne, tunakutana Kenyatta Market kwa wachoma nyama, na sheria yetu ni moja: sarafu kwanza, nyama baadaye. Mikono inaoshwa, inakaushwa, kitambaa cheusi kinatandikwa, na mwenye kuchoma anaambiwa angoje na sahani yake. Mafuta ya mbavu yakigusa uso wa sarafu hayatoki. Mkubwa wetu ni Daktari, aliyekuwa daktari wa meno, siku hizi amestaafu anakaa mtaa wa Karen, kule kwa matajiri, na mbwa wake. Anatazama sarafu vile alikuwa anatazama meno, anafungua na mdomo wake mwenyewe.

Nikafungua lile fundo la pamba. Daktari akaishika kwa ukingo, akainamisha, akaangalia. Mdomo ukafunguka. Ukakaa wazi hivyo mpaka mwenye nyama akakohoa.

"Mzee," akasema polepole, "unajua hii ni nini? Kuna chache zilitoka kwa mashine zikiwa na alama hapa kwa mahindi, kama jani la ziada. Watu wa huko wanapekua mifuko kwa mifuko wakizitafuta. Na hii haijasuguliwa hata kidogo! Nani aliiona?"

Mama Wambui, nisikize vizuri. Swali lilikuwa rahisi. Hata mtu wa darasa la sita angelipata.

Nikasema, "Ni mimi."

Ikatoka hivyo, laini kabisa. Tena nikaongeza chumvi. Nikawaambia jinsi nilivyokaa na lensi, jinsi jicho langu lilivyosimama kwa lile jani, jinsi nilivyoificha miaka yote nikingoja siku yake. Wakanipigia makofi. Wakaniagizia mbavu za ziada. Nilikula, ndiyo, sitakuficha. Nilikula zote. Lakini zilikuwa zinashuka kama mbao.

Daktari anatuma pakiti Amerika mara mojamoja, ya watu kadhaa pamoja. Huko inapimwa, inapewa namba yake, inafungiwa kwa kijisanduku cha plastiki ambacho hakifunguki. Na juu ya hicho kijisanduku kuna karatasi ndogo, na mwenye mali akitaka, jina la mkusanyiko linaandikwa hapo. Linakaa humo milele. Daktari akatoa fomu. "Tuandike nani?" Nikamtajia majina yangu matatu, na herufi nikamtajia moja moja asije akakosea.

Jumapili kanisani kikapu kilipopita mbele yangu, mkono ulikataa kufunguka. Mtu wa nyuma akanigusa bega, "Mzee, pitisha."

Jumatatu nilikuwa Karen kabla Daktari hajamaliza uji. Mbwa wake walinipokea vile wanapokea watu wa Dagoretti. Nikamwambia nataka ile fomu. Akaogopa, akafikiri nimebadilisha nia ya kuituma.

"Itaenda. Lakini hilo jina ni la mwizi. Futa."

Nikamweleza yote, na wageni, na mbolea, na kikapu, na mkebe wa vifungo. Alinisikiza bila kufungua mdomo, mara ya kwanza tangu nimjue. Halafu akachukua fomu mpya. "Haya. Tuandike Mama Wambui?"

Hapo nikakwama. Maana huyo Mama Wambui ni mimi niliyekuita, tangu msichana azaliwe. Jina lako lenyewe ni lini nililitaja mara ya mwisho? Kwa pasta siku ya harusi, na kwa yule mtu wa kuandika msalaba. Wakati uliona lile jani hukuwa mama wa mtu. Ulikuwa msichana wa Murang'a anayejua mahindi.

"Andika Nyokabi," nikasema. "Mkusanyiko wa Nyokabi. Na wale wa Kenyatta Market nitawaambia mwenyewe Jumamosi, kabla ya nyama."

Nimewaambia. Walinicheka vile nilikucheka mbele ya ndugu zako, na kidogo zaidi. Nilinunua mbavu za wote.

Pakiti imeondoka Ijumaa iliyopita. Sijui watairudisha na namba gani. Daktari anasema labda hamsini na tano, kwa sababu imepita mikononi mwa watu, tena ana wasiwasi na mkwaruzo mmoja shavuni mwa ng'ombe. Ikirudi nitaiweka pale juu ya redio, wageni wakija waulize, na nitajibu vizuri.

Na zile namba saba zako, Nyokabi, nimekuwa nikizitafuta tangu siku ulipopepeta ule mchele. Zilikuwa kwa lensi yangu. Chukua zote.

Mimi hapa nimebaki ile nne yao: sura imefutika karibu yote, lakini ukiniona bado utajua ni nani.

Ni mimi niliyekugusa,
Baba Wambui