Sahani ya Eliza mkekani

Jumanne. Tunduma leo kuna baridi ya kukata masikio, na upepo unatuletea vumbi la malori mpaka ndani. Sijali. Uzito wa Eliza umepanda.

Acha niandike tena, nifaidi: uzito umepanda.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, Eliza ni binti yangu, yuko darasa la pili. Ana saratani ya damu na tunatibiwa Mbeya. Safari iliyopita daktari aliahirisha dawa kwa sababu mtoto alikuwa amekonda mno. Akasema asipoongezeka, itabidi waahirishe tena. Nilitoka pale nikiwaza kwamba saratani yenyewe haiahirishi kitu.

Chakula kilikuwepo. Mayai, maharage, ndizi, uji wa karanga. Mlaji ndiye hakuwepo. Hata vidonda vya mdomoni vilipopona, bado aligoma.

Kosa lilikuwa letu.

Muuguzi alituambia kinga ya mtoto iko chini, kwa hiyo awe na sahani yake na kikombe chake, asichangie na wengine. Sasa sisi ni watu wa sinia moja, mikono yote humo. Tukaelewa kwamba asile na watu. Tukamhamishia chumbani. Akawa analishwa kitandani, mama yangu kashika bakuli, mke wangu kashika kijiko, mimi nimesimama namkodolea macho. Hata mimi ningefunga mdomo.

Mwezi huu dada yangu Agnesi, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akaja kutusalimia. Akaitazama ile shughuli.

"Kaka, huyu mtoto kawakosea nini mpaka mmemtenga?"

Mama akaanza kumweleza maagizo ya muuguzi. Agnesi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, kaambiwa awe na sahani yake. Hakuambiwa awe na nyumba yake."

Nilikasirika. Lakini alikuwa amesema kweli.

Siku hiyo akapika majani ya maboga kwa karanga, yale wanayoyaita ifisashi kwao. Akatandika mkeka, kila mtu akanawa kwa sabuni, sinia ya watoto ikakaa katikati na sahani ya Eliza pembeni yake. Mwanzoni alilamba mchuzi tu. Siku zilizofuata akaanza kuwaangalia kaka zake wanavyogombania mboga, akaivuta sahani yake karibu asije akaporwa. Mama alitaka kumsifia, Agnesi akamkonyeza anyamaze.

Basi leo mizani imepanda na dawa ameipata. Nilimshukuru daktari mara nyingi mpaka akacheka.

Wakati wa kurudi, tulipofika Nanyala, Eliza akaanza kutapika. Dereva akasimama, nikamshusha, nikamshika paji la uso huku nawaza kwamba tumerudi kule kule. Yote niliyofurahia asubuhi yaliniisha pale pembeni ya barabara.

Alipomaliza nikampa maji tuliyochemsha nyumbani, akasukutua. Akajifuta mdomo.

"Baba, watakuwa wameshakula?"

Nikampigia mama. Akaniuliza kwa nini sauti yangu iko hivyo. Nilimwambia tu kwamba mtu yeyote asinawe mikono mpaka tufike.